Gumzo la Ukoo: Farasi wa Miaka Mitatu Kabla ya Jumamosi ya Kwanza ya Mei

*Jumapili, 27 Aprili 2025*

Kaka Louisville, 21:06
Shikamooni wakubwa wote. Jana, wakati ninyi huko Tanga mkiadhimisha Sikukuu ya Muungano, huku kwetu ilipigwa kura ya kugawa malango ya kuanzia ya Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za Marekani zitakazokimbiwa Jumamosi tarehe 3 Mei katika uwanja wa Churchill Downs. Farasi aitwaye Journalism amepata lango la 8, Sandman la 17, Sovereignty la 18, na Citizen Bull ameangukia lango la 1, kando kabisa ya uzio. Wenzangu kazini hawazungumzi jambo jingine, nami nimewaambia kwamba ninaye mjomba aliyefanya kazi katika mabanda ya farasi Dubai. Tafadhali, Mjomba, usiniangushe.

Mjomba Daktari, 21:34
Marahaba, mpwa wangu. Nitajitahidi, ila kwanza tukubaliane tunapima nini. Farasi hawa wote ni wa miaka 3, na umri huo huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari kwa kila mmoja, hata kama mmoja alizaliwa Februari na mwenzake Mei; kwa hiyo ndani ya kundi moja mna waliokwisha kukomaa mifupa na wengine ambao bado ni watoto. Jumamosi watakimbia maili moja na robo, yaani mita zipatazo 2,012, masafa ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyakimbia katika mashindano, na watakuwa hadi 20 kwa pamoja, idadi ambayo pia hawajawahi kuiona. Tunakisia jambo ambalo halijatokea, kwa kutumia dalili za mbio fupi zaidi zenye farasi wachache zaidi. Ndiyo maana swali langu la kwanza si nani ameshinda, bali alimalizaje mita 200 za mwisho, na alifanya nini pale alipobanwa.

Binamu Raskazone, 21:40
Mjomba, kwa heshima zote, sisi wengine tunahitaji jina moja tu. Zipo programu za simu za kubashiri ambazo zinaruhusu hata mbio za Marekani.

Shangazi Chumbageni, 21:43
Humu ndani hakuna atakayetajiwa jina kwa ajili ya kamari, na anayetaka aondoke kwenye kikundi akiwa na afya yake. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi imeruhusu zawadi katika mashindano ya ngamia, ya farasi na ya mishale, lakini zawadi ya mwenye farasi si sawa na pesa ya mtu aliyekaa Raskazone akibonyeza simu. Shemeji, endelea.

Mjomba Daktari, 22:02
Ahsante, shemeji. Nianze na Journalism, kwa sababu ndiye anayepewa nafasi kubwa kuliko wote, nami sioni kwamba wamekosea. Baba yake ni Curlin, aliyeshinda mbio kubwa za Preakness na Breeders' Cup Classic mwaka 2007, kisha Dubai World Cup mwaka 2008. Yale masafa yanayotutia shaka kwa wengine, kwake yamo katika damu. Nyumbani tunamtathmini mtamba ambaye hajazaa kwa kuuliza mama yake alikamuliwa lita ngapi, na kwa farasi ambaye hajafika mita 2,000 njia ni hiyo hiyo: unauliza wazazi wake walifika wapi.

Lakini nasaba peke yake hainitoshi. Tazameni tena mbio zake za Santa Anita Derby za tarehe 5 Aprili. Kwenye kona ya mwisho alibanwa katikati ya wenzake, akakosa njia. Farasi mwenye hasira angeinua kichwa na kupigana na mpanda wake, na nguvu zingemwishia hapo hapo. Yeye alitulia, akangoja, na njia ilipofunguka akaongeza kasi mara moja na kumpita farasi aitwaye Baeza. Mashaka yangu ni kwamba siku ile walikimbia farasi 5 tu. Kubanwa na wanne ni jambo moja, na kupigwa matope ya uso na farasi kumi walio mbele yako ni jambo jingine kabisa.

Dada Pongwe, 22:09
Mjomba, je, sisi tusiojua tutatambuaje kwamba farasi amechoka, kabla hajaanza kupitwa?

Mjomba Daktari, 22:21
Swali zuri sana, binti yangu. Angalia miguu ya mbele. Farasi anapokimbia kwa kasi, mguu mmoja wa mbele hutangulia kufika mbali zaidi kuliko mwenzake. Marekani wanakimbia kwa kuzungukia kushoto, kwa hiyo kwenye kona mguu wa kushoto ndio unaotangulia. Wakiingia sehemu iliyonyooka, farasi aliye mzima na aliyefundishwa hubadili akautanguliza wa kulia, naye hupata nguvu mpya kana kwamba ndiyo kwanza anaanza. Asiyebadili, au anayebadili kisha akarudi ule wa zamani, ama amechoka, ama kuna mahali panamuuma, ama bado ni mtoto wa akili. Pale Churchill Downs sehemu ya mwisho iliyonyooka ina urefu wa mita zipatazo 376, na ndipo utakapoona wengi wakianza kuyumba.

Katika mabanda tulikuwa hatungoji mpaka mbio. Alfajiri, kabla farasi hajatolewa, nilikuwa napapasa mguu kwa kiganja kuanzia gotini hadi kwenye kwato, taratibu, nikitafuta joto. Mguu wenye afya asubuhi ni wa baridi. Ukikuta kwato moja ina uvuguvugu kuliko wenzake, hata kama farasi anakula na kuchezea ndoo yake kama kawaida, unamwita mkubwa wako.

*Jumatatu, 28 Aprili 2025*

Babu Mwalimu, 07:15
Nimesoma yote baada ya alfajiri, na nimefurahi kuona vijana wanaandika sentensi kamili. Niwaongezee tu kwamba nasaba ya kiume ya farasi wote wa aina hii inarudi kwa madume 3 waliopelekwa Uingereza kutoka Mashariki, na mmoja wao aliitwa Godolphin. Jina hilo ndilo lililochukuliwa na mabanda ya Sheikh Mohammed wa Dubai, ambaye ndiye mmiliki wa Sovereignty, na ambaye pamoja na utajiri wake wote hajawahi kuishinda Kentucky Derby. Nataka kusikia habari za huyo.

Mjomba Daktari, 13:18
Shikamoo, Mzee wangu. Sovereignty ndiye anayeninyima usingizi, na nitaeleza kwa nini.

Ushindi wake wa kwanza aliupata Oktoba 2024 katika uwanja huu huu wa Churchill Downs, akitokea nyuma. Hilo si dogo, kwa kuwa zipo njia za udongo ambazo farasi fulani hawazipendi, na yeye tunajua kwamba hii anaipenda. Tarehe 1 Machi alishinda mbio za Fountain of Youth kule Florida kwa tofauti ya shingo tu, tena akimkamata farasi River Thames mwishoni. Kisha tarehe 29 Machi, wakati sisi tukiwa katika siku za mwisho za Ramadhani, alikimbia Florida Derby akawa wa pili nyuma ya farasi Tappan Street, na watu wakaanza kumshusha thamani.

Mimi simshushi. Mpanda wake wa kawaida, Junior Alvarado, alikuwa ameumia, kwa hiyo farasi akapandwa na mtu mwingine. Isitoshe, mwalimu wake Bill Mott hana tabia ya kummaliza farasi mwezi Machi kwa ajili ya mbio za Mei. Kumbukeni kwamba farasi Secretariat alikuwa wa tatu katika mbio za Wood Memorial mwaka 1973, akiwa na jipu mdomoni, na wiki mbili baadaye akaishinda Kentucky Derby kwa dakika 1 na sekunde 59.4, muda ambao mpaka leo haujavunjwa. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba kila robo maili aliikimbia kwa kasi kuliko iliyotangulia, ilhali kwa kawaida farasi wengine wote hupungua.

Binamu Raskazone, 13:30
Na Sandman mwenye rangi ya kijivu? Huyo ndiye anayenipendeza kwa macho.

Mjomba Daktari, 13:37
Farasi wa kijivu wanapendeza sana, na hiyo ndiyo hatari yao. Sandman ameshinda Arkansas Derby kwa kutokea nyuma. Baba yake ni Tapit, ambaye wanawe 4 wameshinda Belmont Stakes, mbio ndefu zaidi za maili moja na nusu, lakini hakuna hata mmoja aliyeshinda Kentucky Derby. Watu wanasema pia kwamba lango la 17 halijawahi kutoa mshindi. Hilo ni kweli, ila mimi siliogopi lango hilo hata kidogo. Ninaloliogopa ni lango la 1, kwa sababu wote walio nje humminya aliye ndani kuelekea uzioni mara tu wanapotoka, na mshindi wa mwisho kutokea hapo alikuwa Ferdinand mwaka 1986.

Kwa hiyo Citizen Bull namwonea huruma. Mwaka jana alikuwa bingwa wa farasi wa miaka 2 baada ya kushinda Breeders' Cup Juvenile, lakini ni Street Sense na Nyquist peke yao ambao wamewahi kushinda mbio hizo na kisha Kentucky Derby mwaka uliofuata. Farasi anayewahi kukomaa huwapiga wenzake kwa sababu wao ni watoto, na ukipita msimu mmoja wa baridi wanamfikia. Katika zile mbio za Santa Anita za tarehe 5 Aprili, Citizen Bull alikuwa wa nne kati ya 5.

Shangazi Chumbageni, 13:52
Na Wajapani? Mwaka jana ulituambia habari zao mpaka tukachoka.

Mjomba Daktari, 13:58
Mwaka jana farasi wao Forever Young alikosa ushindi kwa tofauti ya pua, shemeji, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kuwachosha. Safari hii wamewaleta Luxor Cafe na Admire Daytona. Sioni Forever Young mwingine hapo.

*Alhamisi, 1 Mei 2025*

Kaka Louisville, 22:47
Heri ya Mei Mosi. Mjomba, Rodriguez, yule aliyeshinda Wood Memorial, ameondolewa leo kwa sababu ya maumivu ya kwato, na nafasi yake ameipata Baeza, aliyekuwa kwenye orodha ya akiba. Tappan Street naye, kama mlivyosikia, aliumia mguu mazoezini na hatakuwepo. Je, hesabu zako zimebadilika?

Mjomba Daktari, 23:10
Zimebadilika kuliko watu wanavyodhani. Rodriguez alikuwa anapenda kutangulia. Wanaotangulia wakiwa wengi hushindana wenyewe kwa wenyewe, mwendo wa mwanzo unakuwa mkali mno, na walio nyuma wanakuja kuokota. Mwaka 2022 robo maili ya kwanza ilikimbiwa kwa sekunde 21.78, jambo ambalo lilikuwa ni kujiua, na mshindi akawa Rich Strike, ambaye aliingia kutoka orodha ya akiba siku moja tu kabla, akiwa hana hata mtu mmoja makini aliyemtaja. Rodriguez akiondoka, mwendo unaweza kuwa wa wastani, na hapo Sovereignty na Sandman watakuwa na kazi kubwa ya kuwafikia walio mbele. Journalism hukaa katikati ya kundi, kwa hiyo mwendo wowote unamfaa.

Ama Baeza, msimpuuze kwa kuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Mama yake, Puca, ndiye aliyemzaa Mage, mshindi wa Kentucky Derby mwaka 2023, na Dornoch, mshindi wa Belmont mwaka 2024. Mama mmoja kutoa watoto wawili wa namna hiyo ni nadra sana. Tena yeye ndiye aliyekuwa wa pili nyuma ya Journalism, kwa chini ya urefu wa farasi mmoja.

Babu Mwalimu, 23:16
Nilidhani unamwegemea Sovereignty.

Mjomba Daktari, 23:24
Moyo uko kwa Sovereignty, Mzee wangu, lakini hesabu ziko kwa Journalism, nami nitabaki na hesabu. Nikiulizwa ni nani ninayemwogopa, jibu ni Sovereignty. Na wa tatu naandika Baeza.

*Ijumaa, 2 Mei 2025*

Kaka Louisville, 21:19
Mjomba, mvua inanyesha hapa, na utabiri unasema hata kesho itakuwepo. Mimi nabaki na Sovereignty, kwa idhini yako.

Mjomba Daktari, 21:33
Idhini unayo. Kwenye tope kuna farasi anayekunja masikio na kukataa kabisa kusogea mbele mara tope linapompiga usoni, na hilo huwezi kulijua kwa karatasi. Anayetoka nyuma ndiye atakayelila tope zaidi, kwa hiyo mtazame wako katika mita 400 za kwanza: akikimbia masikio yakiwa mbele na kichwa kimetulia, ujue kwamba halijamsumbua, na hapo nitaanza kuingiwa na wasiwasi.

Dada Pongwe, 21:41
Kwa saa zetu wataanza lini?

Kaka Louisville, 21:44
Saa saba na dakika hamsini na saba usiku wa kuamkia Jumapili, dada yangu. Nimepata tiketi ya ndani, ya kusimama katikati ya uwanja, kwa hiyo nitawatumia picha nyingi.

Shangazi Chumbageni, 21:47
Nitakuwa macho. Lakini mwanangu, tutumie picha za hao farasi wakipelekwa malangoni, hasa miguu yao kama alivyotufundisha shemeji. Kofia za akina mama wa huko tutazitazama wenyewe kwenye runinga.