Ant, Cade au Haliburton: ukipewa timu tupu unaanza na nani?

Mdau wa Kikapu
Wakuu habari zenu. Tuseme umepewa timu ya NBA haina kitu kabisa, unaruhusiwa gadi (mchezaji wa nje anayeongoza mpira) mmoja tu kati ya Anthony Edwards wa Minnesota, Cade Cunningham wa Detroit na Tyrese Haliburton wa Indiana, wengine utawatafuta mbele ya safari. Nani? Mi roho yangu iko kwa Ant, yaani Edwards, kazaliwa 2001 tu na kashaifikisha Wolves, timu yake ya Minnesota, fainali ya kanda ya Magharibi mara mbili mfululizo, 2024 na 2025.

Kona ya Kushoto
Cade mkuu, wala sijiulizi. Msimu wa 2023-24 Detroit walipigwa mechi 28 mfululizo wakamaliza na ushindi 14, watu wakaanza kusema dogo hafai, mwaka uliofuata wakaletwa kina Malik Beasley na Tim Hardaway Jr. wa kutupia tatu (mitupo ya mbali ya pointi tatu) pembeni yake, kocha mpya akaja, wakashinda 44. Na dogo ni yuleyule! Ana kama mita 1.98, wakimjia wawili anaona juu ya vichwa vyao, pasi inafika kona mkabaji hata hajageuka.

Shabiki wa Zamani
Ant namkubali sana, 2024-25 kaongoza ligi nzima kwa tatu, kafunga 320. Ila OKC (Oklahoma City) walivyomjazia watu fainali ya Magharibi 2025 mpira ulikuwa unakwama mkononi, wakatolewa 4-1. Na pale nyuma yake yupo senta Rudy Gobert analinda ringi, kwenye timu tupu huyo humpati.

Binti wa Pasi
Jamani Haliburton mnampita hivi hivi? Yeye hakai na mpira, anautoa mapema timu nzima inakimbia, na fainali ya NBA ya 2025 mechi ya kwanza kawamaliza OKC imebaki sekunde 0.3. Kano ya Achilles kukatika mechi ya saba na kumkosesha msimu wote wa 2025-26 kumeniuma sana, lakini akili yake ya mpira haijakatika.

Mdau wa Kikapu
Dah, mnanihamisha. Sasa nikimchukua Cade, wa pili nitafute mtupiaji au senta (yule mrefu wa chini ya ringi)?

Kona ya Kushoto
Senta anayekimbilia ringi kama Jalen Duren wa Detroit. Akiruka, mkabaji wa kona lazima aje kusaidia, mtupiaji wako anabaki peke yake, na watupiaji wanapatikana kila mwaka.