Sonona (depression) kupimwa kwa pointi kama mtihani, nyie mnaonaje?

Wakuu habarini, naleta hili tujadili maana limenikaa kooni. Mdogo wangu anahudhuria kliniki ya sonona, kila akienda anajazishwa ile fomu ya maswali tisa, PHQ-9, wiki mbili zilizopita umekosa usingizi? umekosa hamu ya kula? umejiona hufai? unajibu 0 mpaka 3 wanajumlisha, mwisho 27. Mwezi wa tatu alipata 18, juzi kapata 8, akaambiwa hongera dawa zimekubali. Sasa mimi ndo naishi naye. Ni kinyozi, mashine yake iko kabatini ina vumbi, hajaigusa tangu Januari! Nikambana, akasema braza mi nishawajulia, nikiweka sifuri nyingi natoka mapema. Sasa hapo kimepimwa nini, ugonjwa au foleni?

---

Mi ni nesi, hapo nakupinga. Presha tunapima, sukari tunapima, hii ndo tukadirie kwa macho? Bila fomu mtu akija kachana nywele na anacheka tunaandika "anaendelea vizuri" basi. Na lile swali la tisa, la kuwaza bora ufe, bila karatasi nani anauliza? Nilishampata mama mmoja mcheshi balaa, anatutania tu, tulipofika hapo akanyamaza, akaanza kuvuta vuta uzi wa kanga yake. Ningemkosa yule.

---

Shida lugha jamani, namba hazina kosa. Wale mabibi wa Friendship Bench Zimbabwe, wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi pale kliniki, wana maswali 14 ya Kishona na kufungisisa imo, yaani kuwaza kupita kiasi, neno la watu wenyewe. Utafiti wao wa 2016 ulionyesha waliopita kwa mabibi dalili zilipungua kuliko wenzao. Huku mtu wetu anakwambia "nina mawazo", we unamuuliza kama amepungukiwa na shauku, si atakutolea macho tu.

---

Sista nesi nimekuelewa, la tisa nakuachia. Ila jana nimezipekua karatasi za dogo mpaka chini kabisa, kumbe kuna la kumi: haya yote yamekupa ugumu kiasi gani kwenye kazi, mambo ya nyumbani, kuelewana na watu? Halihesabiwi pointi. Na karatasi zake zote nne hapo pako wazi, hakuna hata alama ya kalamu.