Mwanafunzi kanibana kuhusu hakimiliki, nimjibu nini?

Maalim wa Wete
Assalaam aleikum jamani. Nasomesha kidato cha tatu hapa Wete. Wiki iliyopita vijana wangu walikuwa na kazi ya gazeti la ukutani kuhusu msimu wa karafuu. Mmoja kaleta makala safi na picha ya kupendeza, ila jina la mpiga picha limepita katikati ya picha kama chale. Na makala yenyewe kainyanyua intaneti neno kwa neno. Nikamwambia hiyo ni kazi ya mtu, ina hakimiliki. Akanijibu kwa adabu zote: "Maalim, na ile riwaya uliyotutolea kopi?"

Darasa zima kimya, na mie kimya. Kweli niliitoa, kitabu kizima, nakala 40, maana skuli tunavyo vitatu tu. Nimepekua intaneti nikakuta walimu wanaambiwa kusomesha ni "matumizi ya haki", mtu hana kosa. Nishike hilo? Jumatatu naingia tena darasani.

Shuwari
Yakhe, umetegwa kwa mtego wako mwenyewe 😂

BintiMtambwe
Maalim, usilishike. Hayo uliyosoma ni ya Marekani, kifungu cha 107 cha sheria yao ya 1976. Hata huko kuwa mwalimu peke yake hakutoshi. Huangaliwa unaitumia kazi kwa nia gani, ni kazi ya aina gani, umechukua kiasi gani, na soko la mwenyewe linaumia vipi. Nakala 40 za riwaya inayouzwa dukani, hapo kwenye kiasi na soko unaanguka.

Sisi Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki, Namba 14 ya 2003, na ofisi yake COSOZA. Bara wana ya kwao, Namba 7 ya 1999, na COSOTA. Hakimiliki si jambo la Muungano, watu wengi wanachanganya hapa. Halafu kuna Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo tangu 1994. Kifungu cha 10 kinaachia nchi ziruhusu kazi itumike kama mfano wa kusomeshea, kwa kadiri ya haja, na mtungaji atajwe. Beti mbili ubaoni ni mfano. Kitabu kizima huo si mfano tena.

Mkulima wa Kesho
Dada, sheria nimekuelewa, lakini watoto wasome nini? Mzazi ananunua daftari kwa tabu. Mwandishi angekuwa na huruma angejua.

BintiMtambwe
Mwandishi naye ana watoto, kaka. Maalim angeweza kukisoma kwa sauti, kugawa vile vitatu kwa makundi, au kumwandikia mchapishaji kuomba ruhusa. Kuomba si aibu.

Udi na Kanuni
Mie napiga udi, nakupa somo la bure. Chukua wimbo mmoja wa taarab. Waulize: shairi la nani? Muziki katia nani? Nani kaimba? Nani karekodi? Utakuta watu wanne, kila mmoja ana haki yake. Kisha wape mfano wa Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi santuri na kufariki 1950. Berne inataka haki ya mtunzi idumu si chini ya miaka 50 baada ya kufa kwake. Waache wapige hesabu wenyewe. Watabishana mpaka kengele.

Na yule anayesema "lakini iko bure intaneti", mwambie karafuu zilizodondoka chini ya mkarafuu wa mtu nazo zina mwenyewe. Mpemba hilo haulizi mara mbili.

Shuwari
Hapo kwenye karafuu umenimaliza. Maalim, ila anza kwa kukiri. Ukizungukazunguka watakujua.

Maalim wa Wete
Ahsanteni sana. Nimerudi kutoa habari. Nilikiri, nikakusanya zile kopi, tunasoma kwa makundi na barua kwa mchapishaji wameiandika wao. Taarab imetuchukua vipindi viwili. Yule kijana nimempa simu yangu akapige picha karafuu za babu yake zilizoanikwa kwenye jamvi. Tulipomtafuta mwenye ile picha ya kwanza ili tumuombe ruhusa, kumbe karafuu zenyewe ni za Madagaska.