Meseji za "nimekosea namba" msimu huu wa Krismasi

Swali: Wakuu, Desemba meseji hizi huzidi: "Umepokea Tsh 85,000", halafu mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba, umrudishie haraka. Ya kweli unaijuaje?

Jibu: Meseji ya M-Pesa huingia kwa jina M-PESA. Ikitoka namba ya kawaida, ni utapeli. Ila usiishie kwenye jina, nalo huigwa. Kata simu, piga *150*00#, angalia salio. Halijaongezeka? Hakuna kilichoingia. Haraka anayokutia ndiyo mtego wenyewe, hataki ufike kwenye salio.

Jibu: Hata ikiwa imeingia kweli mkuu, usirudishe mwenyewe, hasa akikupa namba tofauti. Ukishamtumia anaweza kuomba muamala wa kwanza urudishwe, ukapoteza mara mbili. Apige huduma kwa wateja, 100, mtandao ndio urudishe.

Jibu: Meseji usiifute. Ipeleke 15040, ndiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha utaje namba iliyoituma. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika ifutwe.