Kilishio cha ndege: cha waya, meza ya fundi au chupa ya maji? Nataka chiriku

Mpangaji_Goba
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuweka kilishio cha ndege nyumbani, hasa chiriku na hawa wadogo wengine wanaokula mbegu. Cha waya cha kuning'iniza, muuzaji wa mtandaoni anataka 45,000. Meza ya mbao fundi wangu kasema 25,000. Au nitoboe chupa ya maji ya lita moja na nusu, nipitishe vijiti, bure. Wenye uzoefu nisaidieni, Jumamosi nataka kulipia.

Kozi_wa_Sinza
Mkuu, umetaja bei tu. Ghorofani au chini? Kuna paka? Jirani anafuga kuku? Kunguru wa hapo wakoje? Bila hayo tutakushauri hewa.

Mama Wawili
Mdogo wangu, meza sahau. Mume wangu alichongesha moja nzuri, ina na kipaa chake, tukaiweka karibu na ukuta hapa Tabata. Mwanzoni raha tupu: shomoro, tetere, na wale wadogo wa kahawia wanaokaa wamebanana kwenye kamba ya nguo. Basi dada wa kazi akawaonea huruma, akawa anawaongezea ukoko na mabaki ya ugali. Akaja kunguru mmoja, akakaa ukutani anapiga kelele. Kesho yake kundi. Keshokutwa ukuta wote mweusi, shomoro hata hawasogei. Wakimaliza ukoko wanahamia kwa jirani, kuku wake wametoka kutotoa, wanabeba vifaranga mchana kweupe na sisi tunaangalia. Jirani akasema sisi ndio tumewaita. Nikamjibu kunguru wa Dar hawasubiri kadi ya mwaliko, ndiyo nikaharibu kabisa. Tukafikishwa kwa mjumbe. Watu wazima wamekaa kwenye viti vya plastiki wanajadili meza ya ndege! Mume wangu akaambiwa alipe vifaranga na meza aing'oe. Akalipa. Sasa hivi naanikia vyombo.

Kigamboni_Kwetu
Mama Wawili, pole, ila nimecheka. Meza mnaionea, tatizo lilikuwa ukoko. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe takataka, na mpaka leo kazi yao ni mabaki. Weka uwele na ulezi mtupu. Mimi meza yangu nimeizungushia wavu wa matundu ya inchi moja na nusu. Chiriku anapita, kunguru na tetere wanabaki kutumbua macho.

Mama Wawili
Nani kakudanganya kunguru anachagua chakula? Kwangu waliiba mpaka sabuni ya kipande.

Mpangaji_Goba
Niko chini, nimepanga, uwanjani kuna mwembe. Paka wapo, wa mwenye nyumba. Halafu nimesoma kwamba chiriku wanapenda sana mbegu za nyger. Kariakoo zipo?

Darubini_Pugu
Hiyo mbegu asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, na umaarufu wake kwenye vilishio ni kwa chiriku wa Ulaya na Marekani. Usihangaike nayo. Wadogo wa hapa ni walaji wa mbegu za majani, kwa hiyo ulezi na uwele vinatosha, na ukiacha kipande cha uwanja kikue majani mpaka yatoe mbegu watakuja hata bila kilishio.

Kuhusu kuwatambua, angalia mdomo kwanza, rangi baadaye. Chiriku wa njano wa hapa ana mdomo mfupi mnene, michirizi myeusi usoni, na akiruka kiuno kinaonekana njano kali. Mnana naye ni wa njano ila ni mkubwa, mdomo mrefu uliochongoka, na wengi wanamwita chiriku kimakosa. Hao wa Mama Wawili waliobanana kwenye kamba ni tongo: kichwa cheusi-kahawia, tumbo jeupe. Ukiona wa samawati mwenye doa jekundu shavuni, huyo ni dume. Asiye na doa usikimbilie kusema ni aina nyingine, jike lake halina doa.

Mtoto_wa_Kongwa
Yaani mnanunua ulezi mlishe ndege? Mimi utoto wangu wote nimekaa juu ya dungu naamia ndege kwenye mtama, kombeo mkononi, jua la Dodoma. Kweleakwelea wakishuka unalia. Watu wa Dar mna hela.

Darubini_Pugu
Kweleakwelea ni ukoo wa mnana, si chiriku.

Mtoto_wa_Kongwa
Mtama haukuuliza ukoo.

Kozi_wa_Sinza
😂😂 Turudi kwenye mada. Mwenye paka asiweke meza ya chini wala chupa kwenye tawi la chini. Tundika kwenye waya, mbali na shina. Na dirisha la kioo: ama chini ya mita moja, ama mbali mita kumi, katikati hapo ndipo wanapojibamiza. Mbegu nunua sokoni kwenye nafaka za kula. Zile za kupandia zenye rangi ya waridi zimepakwa dawa, zinaua.

Nesi_Mbagala
Mkiweka na beseni la maji, mwageni kila siku na kulisugua. Dengi ya 2019 mmeisahau? Mbu wake anazaliana kwenye maji kidogo tu yaliyotuama.

Mpangaji_Goba
Fundi anasema wavu wa inchi moja na nusu hana, ana ule wa banda la kuku wa inchi moja. Chiriku atapita?

Kigamboni_Kwetu
Tongo atapita, chiriku utamsumbua. Mwambie akate waya asuke mwenyewe, anataka kukuuzia alichonacho.

Bi Mdogo Ukonga
Samahani kuingilia. Kwangu kuna mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu kuliko mwili. Anafukuza wenzake wote kwenye sahani. Ni nani huyu?

Darubini_Pugu
Fumbwe dume. Msimu ukiisha mkia unaanguka, anakuwa wa kahawia kama jike. Jike naye hajengi, anataga kwenye viota vya ndege wengine wadogo.

Mama Wawili
Huyo wa mkia hata kwetu anakuja, anakaa kwenye meza ya vyombo. Anakula nini na mimi sijaweka kitu?