Tupeane uzoefu: hita ya maji ya sola juu ya bati, mnaitumiaje bila kuumizana? (Mtwara na Lindi)

Mwana wa Mikindani

Wadau wa kusini, Mtwara kuchele! Naona matangi ya sola yanazidi kupanda juu ya mapaa mitaani kwetu, ila maswali ni yale yale: bei gani, lita ngapi. Usalama hauulizwi. Mimi naishi na mama yangu mzee, ana kisukari na miguu yake haisikii joto vizuri, kwa hiyo hili jambo nalibeba kwa uzito.

Jua la Oktoba na Novemba huku kwetu mnalijua. Tangi la mirija ya vioo (ndiyo inayopokea jua na kupasha maji) linapita nyuzi 70 bila shida, na maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu mzima ndani ya sekunde chache. Mtoto na mzee ni haraka zaidi. Nyumbani tumefunga valvu ya kuchanganyia inayojirekebisha yenyewe, pale bomba la moto linaposhuka kabla halijaingia bafuni, tukaiseti isizidi nyuzi 45. Na ndoo ya mama ina utaratibu wake: maji ya baridi yanatangulia, ya moto yanafuata, unakoroga hadi chini, halafu anayemwogesha anatumbukiza kiwiko. Kiganja kimezoea moto wa jikoni, kinadanganya.

Haya, karibuni. Semeni yaliyowakuta.

Mama Gesti

Asante kwa uzi huu, kaka. Mimi nina gesti ndogo mjini. Fundi wa kwanza aliunga maji ya baridi ya shawa moja kwa moja na bomba la mtaani, ya moto yakitoka kwenye tangi la sola. Siku ya mgao, mgeni yuko katikati ya kuoga, maji ya baridi yakakatika. Yakabaki ya moto matupu. Alibabuka bega na mgongo.

Jirani yangu ni muuguzi, akaja mbio. Alimweka chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 nzima, akakataa dawa ya meno na mafuta ambayo watu walishaanza kuleta, kisha tukampeleka hospitali. Nashukuru Mungu alipona vizuri. Sasa baridi na moto vyote vinatoka simtanki moja, kwa hiyo likiisha linaisha pande zote mbili. Na kila chumba kina valvu kama ya kwako.

Bibi wa Newala

Wanangu, huku uwandani maji ni ya kusubiri. Yalikatika hadi tangi likakauka, na yale machache yaliyobaki kwenye mirija yakaishia kuwa mvuke. Yaliporudi ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Mjukuu kwa furaha akafungua koki. Tulisikia mlio mkali, mirija ikapasuka na vioo vikamwagika barazani, mahali wanapochezea watoto. Kwa bahati walikuwa shule.

Nikaja kuelezwa kwamba mrija mkavu ukikaa juani ndani yake unaweza kupita nyuzi 200, ukiuingizia maji baridi ghafla kioo hakihimili. Siku hizi likikauka tunafunika mirija kwa turubai na kujaza alfajiri, vyombo vikiwa vimepoa.

Fundi Bomba Lindi

Shikamoo bibi. Umesema kweli tupu. Niongezee ya kazini.

Tangi lisilo la presha lina bomba dogo la kupumulia juu. Kuna mteja alikuta limezibwa kwa plagi, kisa linadondosha matone. Nilipopanda, tangi limekunjamana kama kopo lililokanyagwa: maji yanatoka, hewa haiingii. Na maji yakichemka bila pa kutolea mvuke ni hatari kubwa zaidi. Yale ya presha yana valvu ya usalama. Ikitoa maji kwenye joto kali inafanya kazi yake, usiizibe kamwe. Ipe bomba la kushusha hadi chini, mahali asipopita mtu. Ikivuja muda wote, mwite fundi.

Lita 200 ni kilo 200 za maji pekee, bado tangi lenyewe. Kagueni kenchi kwanza. Upepo wa bahari unakula stendi na bolti, na maji ya visima vya chumvi yanamaliza ile fimbo ya magnesiamu inayolinda tangi lisioze. Ifunguliwe iangaliwe kila mwaka. Bomba la moto liwe PPR, plastiki inayohimili maji ya moto; ile PVC nyeupe inalegea kwa joto.

Mdau wa Masasi

Mkuu fundi, mimi kuepuka kuungua nimefunika nusu ya mirija, maji yanakaa vuguvugu tu. Si inatosha?

Fundi Bomba Lindi

Hapana ndugu yangu, hapo unaondoa hatari moja unaleta nyingine. Maji yaliyotulia kati ya nyuzi 20 na 45 ndiyo bakteria wa legionela wanayopenda, na mtu akivuta matone ya shawa wanaingia mapafuni. Acha tangi lifike nyuzi 60, upozaji ufanyike chini kwenye valvu. Kufunika ni kwa siku za safari, maji yasipotumika.

Una koili ya umeme humo?

Mdau wa Masasi

Ninayo, tunaiwasha Juni na Julai asubuhi zikiwa na mawingu. Swichi iko mlangoni mwa bafu, kwa ndani.

Fundi Bomba Lindi

Ihamishie nje kabla hamjaiwasha tena, na umwambie fundi umeme apime ethi, ule waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Usiiwashe tangi likiwa tupu, na uizime kabla mtu hajaingia kuoga. Ukimaliza tupia picha ya hiyo swichi hapa tuione.