Kujaza mashavu kwa sindano: fila inayoyeyushika, ya kudumu, au mafuta yako mwenyewe? Walioko Tanga nisaidieni

MamaZulfa, Chumbageni
Assalaam aleikum, na wengine habari za leo. Nina miaka 46. Tangu nigundulike na sukari nimepungua kilo 19. Mwili mwepesi, alhamdulillahi, lakini uso umeanguka: mashavu yameingia ndani, na mikunjo ya kutoka puani hadi mdomoni imekuwa kama imepigiwa mstari. Harusi ya binti yangu ni baada ya miezi mitatu, na sitaki wageni wanong'onezane ukumbini kama mama harusi anaumwa.

Nimetajiwa fila, yaani dawa ya kujazia uso kwa sindano, ya asidi ya hayaluroniki, fila ya muda mrefu ambayo wasema ukidungwa umemaliza, na kuvunwa mafuta ya tumbo yakapelekwa usoni. Halafu yupo dada wa saluni hapa mjini, anakuja hadi nyumbani na kikalamu kisicho na sindano, kwa nusu ya bei. Nani amepitia? Nataka ukweli. Msinitishe bure, wala msinivute.

Nesi_Makorora
Dada, nianze na huyo wa nyumbani: mwambie hapana leo leo. Kile kikalamu husukuma dawa kwa presha, na anayekishika hajui imeingia kina gani wala imeangukia wapi. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa onyo rasmi juu ya vikalamu hivyo mwaka 2021.

Sasa hizo tatu. Hayaluroniki ni kitu ambacho mwili wenyewe unacho, kwenye ngozi, maungio na macho, na kazi yake ni kushika maji. Kwa kawaida huja kwenye bomba la mililita 1, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai, kwa hiyo usishangae ukiambiwa shavu lililoingia linataka zaidi ya bomba moja. Hukaa miezi sita hadi mwaka na nusu hivi, kutegemea aina na mahali. Kubwa kuliko yote, ina dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidasi. Ikikaa vibaya au ikiziba mshipa, kuna la kufanya.

Hizo za muda mrefu si moja. Ile ya kalisiamu hufika mwaka na zaidi. Ile ya asidi ya polilaktiki haijazi siku hiyo hiyo: huichokoza ngozi itengeneze kolajeni yake, yaani protini inayoishikilia ngozi, unarudi mara kadhaa kwa nafasi ya wiki kadhaa, na hudumu kama miaka miwili. Ile ya chembe za plastiki haitoki. Hayaluronidasi haiyeyushi hata moja kati ya hizo. Uso unabadilika kila mwaka, kilichodungwa kinabaki palepale. Na ukisikia silikoni ya maji, toka humo chumbani.

Mafuta ya mwilini ni yako, hayana mzio, lakini hiyo ni operesheni. Sehemu yake hunyonywa na mwili na hakuna awezaye kukuahidi itabaki kiasi gani. Nayo yanaweza kuziba mshipa, na hayana dawa ya kuyayeyusha.

Na wewe una sukari. Kabla ya yote pima kile kipimo cha miezi mitatu, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa muda huo. Sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kupona na maambukizi hupata nafasi.

BintiPangani
Shoga, mimi nimepitia na sitakuficha. Nilidungwa Dar, saluni ya ghorofani, mtu kavaa koti jeupe nikajua daktari. Nilitaka pua iinuke kidogo. Sindano ya pili nikasikia maumivu ya kuchoma yakapanda hadi kwenye paji. Akaniambia ndivyo ilivyo, nikaweke barafu.

Nikapanda basi nikarudi. Usiku ncha ya pua ikawa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Asubuhi pembeni ya pua kumetokea alama za zambarau zimekaa kama wavu. Mama alinibonyeza kwa kidole, akaachia, akangoja. Damu hairudi. Kwingine usoni inarudi hapo hapo, pale pamebaki pamekufa. Kwa sisi weusi ule weupe wanaousema, wa ngozi iliyokosa damu, hauonekani vizuri, kwa hiyo shikeni haya: maumivu yasiyolingana na sindano, ubaridi, na damu kuchelewa kurudi ukibonyeza.

Daktari wa ngozi aliponiona swali lake la kwanza lilikuwa: "Umedungwa nini, boksi liko wapi?" Sikuwa nalo. Nikapiga simu saluni, hawakuwa hata na hiyo dawa ya kuyeyushia. Bahati yangu ilikuwa hayaluroniki kweli. Nilidungwa hayaluronidasi mara kadhaa siku hiyo. Nimebaki na kovu dogo kama punje ya mchele. Kila nikipaka poda naligusa.

Nesi_Makorora
Pole sana mdogo wangu, na ahsante kwa kueleza. Pua na katikati ya nyusi ndipo pabaya zaidi, kwa sababu mishipa ya hapo imeungana na ile inayolisha jicho. Fila ikisukumwa ndani ya mshipa inaweza kurudi nyuma hadi jichoni, mtu akapofuka, au ikaenda kwenye ubongo akapata kiharusi. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea, hata kwa daktari mzoefu. Jicho likikosa damu kwa saa moja, moja na nusu, linaanza kufa. Kutoka Dar hadi hapa ni kama kilomita 350. Ndiyo maana nawaambia wagonjwa wangu: usiulize bei kwanza, uliza ile dawa ya kuyeyushia ipo kwenye kabati lao au wanaiagiza. Na usipande basi siku hiyo.

Kivuli_cha_Mkwaju
Naomba nisitaje mtaa wangu. Nimeanza ARV mwaka 2006, enzi za vidonge vyenye stavudini. Vilinipa uhai, sitavisema vibaya. Lakini vilikula mafuta ya mashavu yangu. Shirika la Afya Duniani lilitaka viachwe mwaka 2009, nikabadilishiwa, ila mafuta hayakurudi yote. Nikipita sokoni naona mtu ananitazama mashavu kabla ya macho. Uso wangu unatangaza kitu ambacho mimi mwenyewe sijakisema.

Kwa hiyo wanaosema hizi sindano ni anasa ya wenye pesa, wajue ile ya polilaktiki iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya watu kama mimi kwanza, urembo ukafuata baadaye. Mimi nimechagua hiyo. Nikiwa na miaka 20 ya dawa sitaki kila mwaka kurudi kwenye kiti. Daktari alinifundisha kusugua mashavu kila siku baada ya sindano, ili vinundu visijitengeneze. Kwa mama harusi wa miezi mitatu sikushauri. Inakwenda polepole, na huwezi kuirudisha.

Bi_Mkubwa_Ngamiani
Wanangu, jina lenyewe lanishtua. Sisi tulifunzwa lila na fila hazitangamani. Lakini Kivuli umenifunga mdomo, Mungu akutunze. Mimi nauliza moja: hiyo dawa haina nguruwe?

Nesi_Makorora
Swali zuri, Bi Mkubwa. Hayaluroniki za sasa nyingi hutengenezwa kwa bakteria, kama mtu anavyochachusha kitu. Zamani kulikuwa na za upanga wa jogoo. Fila za kolajeni ndizo zilizotoka kwa ng'ombe, na kuna zilizotoka kwa nguruwe. Hata hayaluronidasi nyingine hutoka kwa ng'ombe au kondoo. Usome boksi, na hukumu umuulize sheikhe wako.

Fundi_wa_Maharusi
Kutoka upande wa kupamba: usidungwe wiki ya harusi. Nimewapaka watu midomo imevimba na shavu moja jekundu, hakuna poda inayoficha uvimbe. Acha mwezi mzima. Nawe binti uliyenitumia ujumbe kuuliza kama unaweza kudungwa huku unanyonyesha, ngoja umalize.

MamaZulfa, Chumbageni
Nimewasoma wote, nimerudia ya Binti na ya Kivuli mara mbili. Dada wa kikalamu nimemwambia hapana, amekasirika.

Leo nimepiga simu kliniki mbili Dar. Ya kwanza nikauliza hayaluronidasi, yule wa mapokezi akasema "hiyo haihitajiki mama", nikakata. Ya pili akaniunganisha na daktari mwenyewe. Aliniambia wanayo, akaenda kabatini akanisomea hadi tarehe ya kuisha muda. Akasema hatanigusa bila kipimo cha sukari cha miezi mitatu, na kama kimezidi tutangoja, harusi au si harusi. Pua hatagusa kabisa, mashavu tu, hayaluroniki, na boksi nitapewa.

Zulfa atanisindikiza, tutalala kwa dada yangu Magomeni siku mbili. Jumatatu asubuhi naenda hospitali ya Bombo kupima. Majibu yakitoka nitayaandika hapa.